Nilisomea haki jinai Texas, na gwanda sijavaa

Mpaka leo nikisema nimesomea haki jinai huku Texas swali linalofuata ni lilelile, kwahiyo dada we ni polisi? Mama yangu Tanga ndo alinimaliza kabisa, siku nampigia kumwambia nimeanza shule akanyamaza kidogo alafu akasema mwanangu, umevuka bahari yote hiyo ukasomee wezi? Na wadogo zangu nawasikia nyuma yake wanacheka. Afadhali sasa hivi, tangu 2023 ile Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilivyokuwa inatajwa kwenye taarifa za habari, nyumbani wameelewa kwamba haki jinai ni polisi, waendesha mashtaka, mahakama, magereza, probesheni (kile kifungo cha nje chini ya uangalizi), mpaka yule anayepokea simu ya dharura, yaani njia yote anayopita mtu tangu anakamatwa mpaka anatoka.

Nimeona niandike kwasababu kila mara kuna kijana mpya kafika hapa Houston, kashinda grini kadi, ile ya ukazi wa kudumu, au kaletwa na mzazi, kachoka kubeba boksi, anataka shule fupi itakayompa kazi ya serikali yenye bima na pensheni, na mtu kamwambia nenda komyuniti koleji, chuo cha umma cha eneo lako, kasome haki jinai miaka miwili unatoka polisi. Sasa hiyo inaweza kwenda vizuri kwa mtu mmoja ikagoma kwa mwenzie waliyekaa naye meza moja na alama zao zikiwa sawasawa, na tofauti yao haipo darasani hata kidogo, ipo kwenye makaratasi yao na kwenye historia yao, na hayo mambo mwalimu hakuulizi siku ya kwanza.

Mimi naanza nilikuwa nalea wazee usiku, mchana darasani, watoto shule. Komyuniti koleji ilinifaa kwasababu ina madarasa ya jioni na ya wikendi na kwasababu ya bei, unalipa kwa krediti, yaani kipimo cha ukubwa wa somo, na ukiwa mkazi wa eneo la chuo gharama ni ndogo sana ukilinganisha na chuo kikuu. Na hapa niseme kitu ambacho watu wetu wengi hawakijui, mwenye grini kadi anajaza FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada, kama raia tu, kipato chako kikiwa kidogo unapata Pell Grant ambayo si mkopo, hurudishi, kwa mwaka wa masomo 2024-25 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395. Nimewaona watu wanakopa benki ili wasome wakati hela ya bure ipo na hawajaiomba kisa waliambiwa hiyo ni ya Wamarekani. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi huyo kweli hapati, analipa bei ya mgeni na lazima achukue krediti 12 kila muhula, na huyo akiniomba ushauri nitamwambia afikirie mara mbili kuhusu hii fani maana kazi zake nyingi ni za serikali na hatazigusa.

Kabla ya kuingia darasani kuna mtihani wa TSI, kusoma, kuandika na hesabu, ukifeli wanakupa masomo ya kujazia kwanza. Alafu unakutana na mshauri wa masomo, na hapa ndo pa kuwa macho kuliko hata darasani. Atakuonyesha shahada mbili za miaka miwili zenye majina yanayofanana, moja ni AA nyingine ni AAS. AA ina krediti 60, na 42 kati ya hizo ni masomo ya msingi ambayo vyuo vyote vya umma Texas vinatambuana, kiingereza, hesabu, sayansi, historia ya Marekani mara mbili, na serikali mara mbili, GOVT 2305 ya shirikisho na GOVT 2306 ya Texas. Ndiyo, nimekaa nasoma katiba ya Texas mimi mtoto wa Ngamiani, Tanga, na ina marekebisho mpaka unachoka. Hizo 18 zinazobaki ndo haki jinai yenyewe. AAS yenyewe imejaa masomo ya fani, hesabu kidogo, vyuo vingine wanaingiza humo mpaka mafunzo ya polisi, na ni nzuri kama unajua unaenda moja kwa moja kazini na unaishia hapo. Lakini krediti zake nyingi chuo kikuu hawazitaki. Kuna dogo mmoja wa Kigoma tulianza pamoja, kaikimbilia AAS kwasababu ya hesabu, kamaliza vizuri tu, ndo kuja kugundua kazi aliyoitaka ya afisa probesheni kwa sheria ya Texas lazima uwe na shahada ya kwanza ya miaka minne. Karudi kukaa darasa la historia na watoto wa miaka 18. Hana kinyongo lakini ukimtajia yule mshauri anabadilisha mada.

Sasa darasani. Mwalimu wetu wa CRIJ 1301, lile somo la utangulizi, alikuwa mpelelezi mstaafu wa kesi za mauaji, mzee mtaratibu ambaye hajawahi kupandisha sauti muhula mzima. Wanafunzi ndo walikuwa somo lenyewe, vijana wanaotaka upolisi nywele zimeshanyolewa tayari, mwanajeshi katoka jeshini, mama mtu mzima ambaye mwanae yuko gerezani anataka kuelewa kilichompata, na bwana mmoja aliyewahi kufungwa mwenyewe, anakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Mada ikiwa magereza yule bwana akisema neno moja kitabu chote kinafungwa. Vijana wa upolisi mwanzoni walikuwa wanamkata jicho, mwisho wa muhula wanamsubiri nje wamuulize maswali.

Kitu kilichonichanganya mimi niliyekulia Tanzania ni namna hawa watu wasivyo na mkubwa mmoja. Sisi tuna jeshi moja la polisi, IGP mmoja, amri inashuka. Marekani kuna vyombo vya polisi karibu 18,000, cha mji, cha kaunti, cha jimbo, cha chuo, cha wilaya ya shule, kila kimoja na mkuu wake, sare zake na mishahara yake. Sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, anachaguliwa kwa kura. Mwendesha mashtaka mkuu wa kaunti anachaguliwa kwa kura. Na Texas hata majaji wanachaguliwa kwa kura tena kwa tiketi ya chama, msimu wa uchaguzi unapita barabarani unaona bango la jaji anaomba kura pembeni ya bango la fundi paa. Nilivyomwambia mjomba wangu ambaye alikuwa karani wa mahakama Korogwe alikataa kabisa, akasema wamekudanganya huko, jaji gani anaomba kura. Mjomba mpaka leo anahisi namtania.

Tulipelekwa na Huntsville, mwendo kama kilomita 110 kaskazini, ndiko makao makuu ya magereza ya jimbo yaliko na ndiko kuna chuo kikuu cha Sam Houston State kinachojulikana sana kwa hii fani. Kuna jumba la makumbusho la magereza na ndani kimewekwa kiti cha umeme kile chenyewe, walinyongea, nasema kunyonga kwa mazoea, waliulia watu 361 kuanzia 1924 mpaka 1964. Siku hizi wanatumia sindano, na mtu wa kwanza kuuawa kwa sindano Marekani alifia mji huohuo Desemba 1982. Vijana walipiga picha. Mimi sikupiga.

Lakini kilichonibadilisha kabisa ni asaimenti ya CRIJ 1306, somo la mahakama. Uende ukakae mahakama ya jinai asubuhi nzima uandike unachokiona. Mahakama ziko wazi, unapita kwenye mashine ya ukaguzi unakaa benchi la nyuma hakuna anayekuuliza we nani. Nikaenda kaunti moja pembeni ya mji nikitegemea kuona kesi, mashahidi, wakili anatembeatembea kama kwenye tivii. Hakuna. Ni foleni. Mtu anaitwa, wakili wake anamnong'oneza, wanasogea mbele, jaji anasoma maswali, mtu anajibu ndiyo ndiyo hapana ndiyo, anasaini, anayefuata. Kila mmoja ameshakubaliana dili na mwendesha mashtaka kwamba akiri kosa apunguziwe. Nilidhani nimeangukia siku mbaya, kumbe ndo ilivyo, Mahakama ya Juu ya Marekani yenyewe kwenye hukumu ya 2012 iliandika kwamba asilimia 94 ya hatia za mahakama za majimbo na 97 za shirikisho zinatokana na watu kukiri. Kesi inayosikilizwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama, wale kumi na wawili wa kwenye filamu, ni chache mno.

Basi siku hiyo akaitwa mzee mmoja Mkongo. Nikamjua kwa namna alivyosema "ndiyo mkubwa" kabla hata mkalimani hajamalizia. Mkalimani mwenyewe yuko kwenye simu, spika imewekwa mezani, sauti inakatika. Kosa lake lilikuwa la ngazi ya feloni, yaani lile kundi la makosa makubwa, na kwa kosa la ngazi hiyo sheria ya Texas, kifungu 26.13 cha mwenendo wa jinai, inamtaka jaji amuonye mshtakiwa kwamba kama si raia kukiri kunaweza kumletea kufukuzwa nchini. Jaji akasoma. Mkalimani akatafsiri mbiombio kama anatangaza mpira. Mzee akasema ndiyo. Nilivyotoka nikamkuta kwenye korido, nikamsalimia shikamoo mzee, akafurahi kupata mtu wa Kiswahili akaniuliza "mama, ile kesi imeisha sasa, naweza kurudi kazini?" Wakili wake alikuwa hatua chache anaongea na mteja mwingine, nikamuita nikakaa pale katikati nikatafsiri kwa shida shida mpaka wakaelewana kuna nini. Sikuwa na sifa yoyote ya kufanya kile, nilikuwa tu mtu anayejua lugha mbili na kafungua kitabu miezi kadhaa.

Usiku ule kazini, wazee wamelala, nikasoma kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky. Huyu José Padilla ni mzaliwa wa Honduras, kaishi Marekani na grini kadi zaidi ya miaka 40, kapigana Vietnam kwa bendera ya Marekani, kakamatwa na bangi kwenye lori lake. Wakili akamwambia usijali kuhusu uhamiaji umekaa muda mrefu. Kakiri, kumbe kosa lile karibu moja kwa moja linamfukuzisha. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ikasema wakili lazima amwambie mteja ukweli wa hatari hiyo. Kabla ya hapo tulishasoma Gideon, yule mfungwa wa Florida aliyeandika rufaa yake kwa penseli akiwa jela na ikatoka hukumu ya 1963 kwamba asiye na hela anayeshtakiwa kosa kubwa apewe wakili na serikali, nikaipenda sana, ila Padilla niliisoma nikiwaona watu ninaowajua.

Kuna kitu huku kinaitwa diferedi. Unakiri, jaji hakutii hatiani, anakuweka chini ya uangalizi kwa masharti, ukimaliza salama kesi inafutwa. Wakili anakwambia hii nzuri haihesabiki kama hatia, na ni kweli, kwa sheria ya Texas. Kwa sheria ya uhamiaji ya shirikisho ukishakiri na jaji akakuwekea masharti yoyote yale hiyo ni hatia kamili. Kwahiyo mtu anamaliza diferedi yake vizuri, anafanya sherehe, miaka inapita, anaomba uraia, ndo anaitwa. Na kwa jamii zetu mara nyingi inaanzia nyumbani, mume na mke wamegombana, jirani kapiga 911, namba ya dharura, au mtoto kapiga, polisi wakifika wakiona mtu ana alama mwilini hawaondoki mikono mitupu, hakuna ya kusema tutayamaliza na wazee wa familia. Asubuhi shemeji mtu anahangaika na dhamana. Nyumbani unatafuta mdhamini mwenye barua ya serikali ya mtaa, huku kuna maduka kabisa ya dhamana mbele ya jela yanawaka taa usiku kucha, kwa kawaida unawalipa kama asilimia kumi na hiyo hela hairudi hata ukishinda kesi. Mimi si wakili, na ninayoandika hapa yasichukuliwe kama ushauri wa wakili, ila yeyote asiye raia akikamatwa swali la kwanza kwa wakili wake liwe hili la uhamiaji, kabla ya kuuliza atatoka lini.

Turudi kwenye kazi maana najua ndo wengi mnataka. Polisi Texas umri ni miaka 21, ila ukiwa na shahada ya miaka miwili au krediti 60 unaruhusiwa kuanzia 18, hapo ndo komyuniti koleji inasaidia kweli. Leseni inasimamiwa na tume ya jimbo inaitwa TCOLE, na idara zinataka uraia. Kwahiyo kama una grini kadi ya juzi hesabu miaka mitano ya kuomba uraia, mitatu kama umeoana na raia, na hiyo miaka usiichafue. Ukipatikana unaendesha umelewa mara ya kwanza hiyo ni Klasi B, yaani kundi la makosa madogo, wengi wanaichukulia kitu kidogo wanalipa wanasahau, kumbe TCOLE inakufungia mlango miaka kumi, na hata ukiwa umepewa probesheni tu bado inahesabika. Kosa la kupiga mwenza halina miaka, ndo basi tena.

Alafu kuna ile fomu ya historia binafsi unayojaza ukiomba kazi ya polisi. Rafiki yangu Mkenya wa Mombasa ambaye sasa ni naibu sherifu nusura alie. Kila nyumba uliyoishi, kila kazi, kila bosi, kila deni. Sasa anwani ya Majengo nyuma ya msikiti unaiandikaje kwenye kisanduku kinachotaka namba ya nyumba na zipu kodi? Aliandika hivyohivyo, Majengo, nyuma ya msikiti, na mchunguzi akampigia simu nusu saa wanachora ramani kwa mdomo. Baadae mashine ya kupima uongo, daktari, mwanasaikolojia. Alichokipenda mchunguzi ni kwamba majibu ya kwenye fomu na ya kwenye mashine yalikuwa yaleyale. Wanaokosa kazi wengi hawakosi kwa kuvuta bangi ya utotoni, wanakosa kwa kuificha.

Wenzangu wa darasani walivyotawanyika: mwanajeshi yuko jela ya kaunti, kazi ya ulinzi wa mahabusu, ovataimu zipo mpaka za kulazimishwa na ndoa yake imeyumba. Binti mmoja wa Kivietinamu anapokea simu za 911, anasema ni kazi ya kukaa kwenye kiti inayochosha kuliko kubeba mizigo, na kwamba simu hazina mwisho wa hadithi, mtu anapiga kelele, gari linafika, simu inakatwa, we hujui alipona. Yule mama ambaye mwanae amefungwa anafanya kazi na waathirika wa uhalifu ofisi ya mwendesha mashtaka, hakuna aliyetegemea aende upande ule. Yule bwana wa nyuma anasaidia wanaotoka gerezani kupata vitambulisho na kazi. Wako walioangukia ulinzi binafsi, ile inataka kozi fupi na leseni ya jimbo tu, hiyo huhitaji kusoma miaka miwili kabisa, ukimaliza shahada ukaenda kusimama mlangoni dukani utakuwa umepoteza muda. FBI wanaiota wote, lakini kuwa ajenti kwa kawaida wanataka shahada ya kwanza, uraia, na umri kati ya 23 na 36, mimi umri wenyewe ulishanitupa nje nikiwa bado sijui hata hiyo kozi ipo.

Mimi niko ofisi ya wakili wa jinai na uhamiaji. Usaidizi wa wakili Texas hauna leseni, ofisi inaangalia unajua nini, na nilichokuwa nacho ni zile krediti 18 na Kiswahili. Napanga mafaili, naomba ripoti za polisi, nakaa na familia kuwaeleza tarehe na karatasi, naangalia video za kamera wanazovaa polisi kifuani dakika kwa dakika, hii ya mwisho inakula siku nzima na macho. Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya wanakuja, na niseme ukweli Kiswahili cha Bukavu na changu cha Tanga tunapishana, narudia swali mara mbili mbili kwa makusudi. Mahakamani sisimami kutafsiri, mkalimani wa mahakama anataka leseni ya tume ya jimbo na ni fani ya mtu na mitihani yake, na baada ya kumuona yule mzee naheshimu hilo kuliko zamani. Hela? Nesi ananiacha mbali, tusidanganyane. Wenzangu nilioanza nao kulea wazee wakaenda unesi wana nyumba. Mimi napanga bado.

Sasa hivi nahamia chuo kikuu kumalizia shahada ya kwanza, kwasababu bila hiyo mlango wa probesheni umefungwa na nataka niwe na uchaguzi. AA yangu imepokelewa yote isipokuwa somo moja la nyongeza la upelelezi nililochukua nje ya orodha kwa kumpenda tu yule mzee mpelelezi, wanasema ni la ufundi halihesabiki. Nimewatumia silabasi na barua pepe ya tatu, nasubiri wajibu, na kama watakataa nitalipenda hivyohivyo.